Namna ya kurudisha msitu wa asili kwenye machimbo yaliyoachwa

Miche si tatizo kubwa la machimbo yaliyoachwa. Miche hupatikana, na siku ya kupanda watu hujitokeza kwa wingi na majembe na ndoo zao. Tatizo ni pale miche hiyo inapowekwa. Udongo wa juu ulishaondolewa, wa chini umeshindiliwa na mitambo mizito mpaka umekuwa kama sakafu, maji hayapenyi, na mara nyingine kuna tindikali au metali ndani yake. Mche mzuri ukiwekwa hapo hukaa kijani msimu mmoja wa mvua, kisha kiangazi kinaumaliza. Ndiyo maana katika mwongozo huu kupanda kunakuja karibu na mwisho. Sehemu kubwa ya kazi ni kuitengeneza ardhi, na anayeiruka sehemu hiyo hujikuta akipanda mwaka hadi mwaka mahali palepale.

Maelezo haya yanawafaa watu wenye sururu na koleo tu, na pia wenye uwezo wa kukodi trekta au buldoza. Pale njia zinapoachana, nimeeleza zote mbili.

Hatua ya 1: Lijue eneo kabla ya kuligusa

Uliza kwanza ardhi ni ya nani kwa sasa. Machimbo yanaweza kuonekana yametelekezwa kumbe leseni bado iko hai, na mwenye nayo akirudi kuchimba, miti yako ya miaka mitano itasukumwa shimoni kwa siku moja. Pata ruhusa ya maandishi inayotaja mipaka na muda.

Kisha uliza kilichimbwa nini, kwa njia gani, na mabaki yalimwagwa wapi. Jibu la swali hilo ndilo litakaloongoza karibu kila uamuzi unaofuata. Machimbo ya mawe ya chokaa na kokoto huacha mwamba mtupu usio na udongo, lakini kwa kawaida hauna sumu. Makaa ya mawe na madini mengi ya metali huacha vifusi vyenye paireti, ile salfidi ya chuma inayong'aa kama dhahabu. Ikikutana na hewa na maji hutoa tindikali ya salfa. Dhahabu ya wachimbaji wadogo mara nyingi huacha zebaki ndani ya marudio, yaani mchanga uliobaki baada ya dhahabu kutolewa, na migodi mikubwa huacha mabwawa ya topesumu ambayo si ya kuingia bila mhandisi. Risasi na zinki ni habari nyingine tena, nitaieleza hatua ya pili.

Tembea eneo lote kukiwa na mwanga wa kutosha, ukiwa na mwenzako. Weka alama na uzio kwenye maduara (mashimo ya wachimbaji yanayoshuka wima) na mashimo yaliyofichwa na majani, kwenye kingo zinazomomonyoka, na kwenye mashimo yaliyojaa maji. Malundo ya vifusi yaogope zaidi ya yote. Tarehe 21 Oktoba 1966, huko Aberfan, Wales, lundo la mabaki ya makaa ya mawe lililokuwa limerundikwa juu ya chemchemi liliporomoka na kuifunika shule. Walikufa watu 144, na 116 kati yao walikuwa watoto. Ukiona nyufa juu ya lundo, maji yanayochuruzika chini yake, au sehemu iliyovimba kwenye mteremko, usipeleke watu hapo na usifikirie kwamba miti italishikilia. Mizizi hushika tabaka la juu. Haizuii lundo zima linaloteleza kutoka chini kabisa. Hiyo ni kazi ya wahandisi, na miti hufuata baada yao.

Hatua ya 2: Pima udongo, hata kama unaharakisha

Kuna dalili ambazo macho peke yake yanaziona. Maji ya rangi ya chungwa yenye utando wa kutu ni dalili ya tindikali na chuma. Ukoko mweupe juu ya ardhi wakati wa kiangazi ni chumvi. Mabaka ambayo hata magugu sugu hayaoti baada ya miaka mingi yana sababu, na sababu hiyo haitaondoka kwa kumwagilia.

Kipimo cha pH (namba ikiwa ndogo, tindikali ni kali zaidi) unaweza kukifanya mwenyewe. Chukua udongo kutoka sehemu kumi au zaidi za eneo linalofanana, kina cha sentimita 20, uchanganye vizuri, kisha koroga sehemu moja ya udongo na sehemu mbili na nusu za maji yaliyotokana na mvuke uliopozwa, yale ya kuweka kwenye betri kabla ya kutiwa tindikali. Acha nusu saa, halafu tumbukiza karatasi ya kupimia. Miti mingi hustawi kati ya pH 5 na 7. Chini ya 4, alumini iliyomo kwenye udongo huyeyuka na kuunguza ncha za mizizi, na hapo hakuna mche utakaokufaa mpaka urekebishe.

Vifusi vyenye rangi au mawe tofauti vipimwe kila kimoja peke yake. Usichanganye sampuli zake. Katika machimbo ya makaa ya mawe, kwa mfano, mwamba wa kahawia uliokaa karibu na uso wa ardhi na kuanza kuoza kwa kawaida huotesha miti vizuri kuliko ule wa kijivu uliotolewa chini kabisa. Ukijua lilipo lundo la kahawia, umejua pa kuanzia.

Palipochimbwa metali, peleka sampuli maabara. Omba wapime risasi, aseniki, kadimiamu, shaba, zinki, na zebaki kama ilitumika. Kama kuna paireti, waombe pia wakadirie tindikali itakayozalishwa baadaye, maana paireti haiishi kwa mwaka mmoja. Ukitia chokaa inayotosha pH ya leo tu, mwaka wa tatu utashangaa miche inakauka kuanzia ncha.

Kwa nini nasisitiza metali? Mgodi wa risasi na zinki wa Kabwe, Zambia, ulifanya kazi tangu 1902 hadi 1994, na miongo kadhaa baada ya kufungwa kwake watoto wa maeneo jirani wameendelea kukutwa na risasi nyingi katika damu. Risasi haiozi. Mahali pa namna hiyo vumbi ndilo adui wa kwanza: kuchimbua ardhi kavu bila kinga ni kuirusha sumu hewani. Majibu ya maabara yakiwa mabaya, usipande mti wowote wa matunda au wa malisho, usilete watoto siku ya kupanda, na tafuta ushauri wa wataalamu wa mazingira kuhusu kufunika eneo kwa udongo safi kwanza.

Hatua ya 3: Tazama kinachoota chenyewe

Hatua hii haina gharama, na ndiyo inayorukwa mara nyingi kuliko zote. Kabla ya kuchagua mti hata mmoja, zunguka machimbo ukiandika kila mmea ulioota bila kupandwa. Kisha nenda kwenye msitu au pori la asili lililo jirani, lenye mwinuko na mvua sawa na za machimbo yako, uandike miti iliyopo: ipi iko kwenye kingo na kwenye ardhi iliyochafuka, ipi iko ndani kwenye kivuli. Wazee wanaoifahamu miti kwa majina ya kienyeji ni wa kwanza kutafutwa hapa. Orodha hizo mbili ndizo mpango wako wa upandaji.

Angalia pia visiki. Pale ambapo pori lilifyekwa tu kupisha barabara za mgodi au kambi, bila udongo kuchotwa, mizizi inaweza kuwa hai chini. Miti ya miombo huchipua kwa nguvu kutoka kwenye visiki na mizizi. Chagua machipukizi mawili au matatu yaliyonyooka kwa kila kisiki, kata mengine, linda yaliyobaki. Njia hii, ambayo wengi wanaifahamu kwa jina la kisiki hai, ilirudisha miti kwenye mashamba mengi nchini Niger kuanzia miaka ya 1980, na mti wake hukua haraka kuliko mche kwa sababu mzizi wake tayari ni mtu mzima. Tenga maeneo hayo na uyaache nje ya mpango wa kupanda.

Hatua ya 4: Vunja ardhi iliyoshindiliwa

Hapa ndipo nitakapokaa, kwa sababu hapa ndipo miradi mingi inapofia.

Marekani ilijifunza somo hili kwa gharama kubwa. Mwaka 1977 ilipitisha sheria ya kudhibiti machimbo ya makaa ya mawe ya juu ya ardhi na kuyarejesha katika hali nzuri. Katika milima ya Appalachia kampuni zikaitikia kwa kusawazisha vifusi na kuvishindilia mara nyingi kwa buldoza ili visiporomoke, kisha zikapanda nyasi kali zinazofunika upesi. Kwa macho eneo lilikuwa kijani. Lakini miti iliyopandwa humo ilidumaa au kufa, kwa kuwa mizizi iligonga tabaka gumu na nyasi zilinyang'anya maji yaliyokuwepo. Watafiti wa misitu wakaja na mapendekezo ambayo tangu 2004 yanasambazwa na mpango wa pamoja wa serikali kuu na majimbo ya makaa ya mawe: acha angalau mita 1.2 ya udongo uliolegea, usisawazishe zaidi ya inavyobidi, tumia majani ya kufunika ardhi yasiyoshindana na miti, changanya miti inayotangulia na ile ya msitu uliokomaa, na panda kwa njia sahihi. Sehemu zilizoshindiliwa zamani zilipasuliwa upya, nyasi kali zikaondolewa, na miti ya asili ikarudishwa.

Jipimie mwenyewe. Siku chache baada ya mvua, chukua nondo nyembamba na uisukume ardhini kwa mikono. Ikigoma kabla ya sentimita 20 kwenye sehemu nyingi (si pale ilipogonga jiwe), ardhi imeshindiliwa. Kipimo cha pili: chimba shimo la kina cha sentimita 30, jaza maji, yaache yaishe, jaza tena. Maji ya mara ya pili yakiwa bado yapo baada ya siku nzima, mizizi itazama na kuoza hapo wakati wa mvua.

Mwenye mtambo atumie buldoza lenye jino refu la kupasulia nyuma, lifike mita moja au zaidi. Pasua kwa kufuata kontua, yaani mstari wa usawa unaokata mteremko, kamwe si kuelekea chini ya mteremko. Kwenye tambarare pasua mara mbili kwa kukatisha, na panda mche karibu na pale mistari inapokutana. Fanya kazi hii ardhi ikiwa kavu. Ikiwa na unyevu, jino hukata mfereji laini badala ya kuipasua ardhi pande zote. Mawe makubwa yakiibuka, yaache. Eneo likibaki na mabonde na vilima vidogo, usiruhusu mtu alisawazishe ili lipendeze! Mabonde hayo hunasa maji, majani na mbegu zinazopeperushwa na upepo, na kupita tena kwa mtambo ni kuirudisha sakafu ile ile.

Mwenye sururu tu hawezi kuvunja hekta nzima, na hana haja. Chimba mashimo yenye upana na kina cha sentimita 60, ukizipasua kuta na sakafu ya shimo kwa mtaimbo ili mizizi ipate pa kupenyea. Shimo lenye kuta laini, za mduara, huifanya mizizi izunguke humohumo. Chimba miezi miwili au mitatu kabla ya mvua, na acha udongo uliotoka upigwe na jua na hewa. Ni afadhali mashimo mia tatu ya kina hiki kuliko elfu moja ya upana wa jembe.

Hatua ya 5: Rudisha uhai kwenye udongo

Kama bado kuna lundo la udongo wa juu uliowekwa kando wakati wa kuchimba, una hazina. Ndani yake kuna mbegu, kuvu na wadudu wa msitu wa asili. Katika misitu ya jarrah (aina ya mkaratusi) ya Australia Magharibi, ambako boksiti, mawe ya kutengenezea alumini, inachimbwa tangu miaka ya 1960, warejeshaji huchota udongo wa juu kutoka sehemu inayoanza kuchimbwa na kuutandaza moja kwa moja kwenye sehemu inayofungwa, kwa sababu mbegu zilizomo huotesha sehemu kubwa ya mimea ya asili, na lundo likikaa muda mrefu mbegu hizo hufa. Lundo lako la zamani halitakuwa na mbegu nyingi, lakini bado ni bora kuliko kifusi. Kama ni dogo, litumie kwenye mashimo na mabonde badala ya kulitandaza kote likawa jembamba kama vumbi.

Bila udongo wa juu, tegemea mboji, samadi iliyooza vizuri na majani makavu. Kila shimo la sentimita 60 lipate debe moja hivi, likichanganywa na udongo uliochimbuliwa. Chokaa iwekwe kwa kiasi kilichotajwa na maabara, ichanganywe kina chote na wiki kadhaa kabla ya kupanda. Ikibaki juu tu, haiifikii mizizi. Mbolea ya viwandani yenye naitrojeni nyingi mimi siipendekezi: magugu ndiyo huitumia kwanza.

Kuna kitu kimoja kisichoonekana ambacho kifusi hakina, nacho ni kuvu wanaoishi pamoja na mizizi na kuupa mti maji na fosforasi. Miti mikuu ya miombo haiendi popote bila wenzao hao, na uyoga unaojitokeza chini yake wakati wa mvua ni matunda ya kuvu haohao. Chukua viganja vichache vya udongo kutoka chini ya miti ya asili yenye afya na uchanganye kwenye udongo wa kitaluni. Kiasi kidogo kinatosha. Usiuchubue msitu mzima kwa ajili ya machimbo. Na usitoe udongo huo mbali: kwenye misitu hiyo hiyo ya Australia Magharibi kuna ugonjwa wa mizizi unaosafiri kwenye matope ya magari na zana, ndiyo maana magari huoshwa kabla ya kuingia. Osha viatu, majembe na magurudumu unapotoka eneo moja kwenda jingine.

Hatua ya 6: Panga miti kwa zamu

Msitu haurudi kwa mara moja. Kuna miti inayovumilia jua kali, ardhi maskini na upepo, hukua upesi na kufa mapema. Kuna inayotaka kivuli, unyevu na majani yaliyooza. Ukizipanda zote siku moja katikati ya kifusi cheupe, za kundi la pili zitakufa na utasema eneo limeshindikana.

Mfano bora ninaoufahamu uko Mombasa. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, alianza kujaribu miti kwenye machimbo ya mawe ya chokaa ya kiwanda cha saruji cha Bamburi, mahali palipokuwa na mwamba mtupu, chumvi na joto. Kati ya aina 26 alizojaribu, ni chache mno zilizohimili, na iliyoibeba kazi ilikuwa mvinje, ambao mizizi yake huishi na bakteria wanaonasa naitrojeni kutoka hewani. Majani yake yaliyodondoka yalikataa kuoza mpaka yakaletwa majongoo, wakayala na kuyageuza kuwa mboji. Udongo ulipoanza kujengeka ndipo miti mingine ilipopandwa chini ya kivuli. Leo pale ni msitu, na watu huuita Haller Park.

Mvinje asili yake ni Asia ya Kusini-Mashariki na Australia, na haya nayaandika ili tusidanganyane: mti mgeni ulisaidia. Lakini mimi ningeutumia mgeni pale tu ambapo nimejaribu wa asili wakashindwa, tena kama mlezi wa muda, na kamwe si aina inayosambaa yenyewe hadi kwenye misitu ya jirani. Katika nchi nyingi ipo miti ya asili inayofanya kazi ileile. Kwenye savana migunga ya asili hunasa naitrojeni na kuvumilia ukame. Mikuyu huota hata kwenye nyufa za mwamba, na matunda yake huwaita ndege na popo wanaoleta mbegu za miti mingine.

Zamu ya kwanza iwe na aina tano hadi kumi kutoka orodha yako ya "walioota wenyewe", angalau theluthi moja wakiwa jamii ya mikunde. Zamu ya pili, miaka miwili hadi mitano baadaye kutegemea kivuli, iwe ya miti ya msitu uliokomaa. Epuka shamba la aina moja. Likivamiwa na mdudu mmoja, limekwisha lote.

Hatua ya 7: Mbegu na kitalu

Kusanya mbegu kwenye pori la jirani, kutoka miti mama isiyopungua 20 kwa kila aina, iliyoachana vya kutosha ili isiwe ndugu wa tumbo moja. Msitu unaotokana na mti mama mmoja hudhoofika kizazi kinachofuata. Bakiza mbegu nyingi mtini na chini kwa ajili ya wanyama na pori lenyewe.

Kila mbegu ina tabia yake. Mbegu ngumu za migunga zimwagie maji yaliyochemka yakiwa yameshaondolewa motoni, ziache usiku kucha, uoteshe zilizovimba. Mbegu za mkongo toa kofia yake nyekundu kwanza. Matunda yenye nyama yaoshe na kuotesha mara moja. Mbegu za mizambarau zikikauka zimekufa. Aina ambazo huna uhakika nazo, gawa mafungu matatu: fungu la maji moto, fungu la kukwaruza ganda, fungu la kuotesha hivyohivyo. Andika matokeo, maana kwa miti mingi ya asili daftari lako ndilo litakalokuwa rejea ya wengine.

Kitaluni tumia viriba virefu kuliko vya kawaida, maana kwenye machimbo mzizi wa kwenda chini una thamani kuliko majani. Hamisha au katia mizizi inayotoboa chini ya kiriba kila wiki chache. Wiki nne hadi sita kabla ya kupanda, kazia miche: punguza kivuli taratibu, punguza maji, iache ionje jua itakalokutana nalo. Mche mfupi wenye shina nene na mizizi mingi ndio wa kuchagua. Ule mrefu mwembamba unaopendeza kwenye picha uache.

Hatua ya 8: Kupanda

Subiri ardhi ilowe hadi kina cha kiganja na mvua ziwe zimetulia, halafu panda haraka ili mche upate msimu mzima wa mvua. Nafasi ya mita 2 kwa 2 inahitaji miche 2,500 kwa hekta, na mita 3 kwa 3 inahitaji 1,111. Kama miche ni michache, usiitawanye. Panda vichaka vya miche 15 hadi 30 iliyokaribiana, ukiacha nafasi wazi kati ya kichaka na kichaka. Vichaka hujikinga upepo, hutengeneza kivuli chake, na ndege wanaotua humo huleta mbegu zitakazojaza mianya.

Mwagilia mche kitaluni kabla ya kuondoka. Ondoa kiriba chote. Plastiki iliyobaki hunyonga mizizi. Weka mche shingo ikiwa sawa na uso wa ardhi, rudisha udongo, shindilia kwa mkono mpaka usivutike ukiuvuta kwa jani moja. Usipande pembeni ya lundo la chokaa au samadi mbichi. Kwenye mteremko, tengeneza kituta cha nusu mwezi upande wa chini wa mche ili kishike maji ya mvua. Mwisho tandaza majani makavu au mawe madogo kuuzunguka mche bila kugusa shina. Kwenye vifusi vyeusi vya makaa matandazo haya ni lazima, kwa sababu uso mweusi hupata joto la kuunguza shina changa.

Kwenye mteremko wenye mmomonyoko, chomeka kwanza nyasi za asili zenye mashina ya kukaa mafungumafungu, kwa mistari ya kontua. Zishike udongo bila kuufunika wote.

Hatua ya 9: Miaka mitatu ya ulinzi

Mbuzi mmoja anaweza kumaliza kazi ya siku nzima ya kikundi. Kubalianeni na wafugaji kabla ya kupanda, na muwape sehemu ya kupitisha mifugo, kwa kuwa uzio bila makubaliano hukatwa usiku. Matawi ya miiba kuzunguka vichaka husaidia. Kata barabara ya kuzuia moto yenye upana wa mita kadhaa kuzunguka eneo kabla ya kiangazi, na uisafishe kila mwaka.

Palilia duara la mita moja kuzunguka kila mche, mara mbili au tatu katika kila msimu wa mvua, kwa miaka miwili ya kwanza. Majani unayoyakata yaache hapohapo kama matandazo. Ng'oa wavamizi wageni mapema, hasa wale wanaootea kwenye udongo uliopasuliwa. Wakitoa mbegu, mwaka unaofuata kazi inaongezeka mara nyingi.

Hatua ya 10: Hesabu waliopona

Idadi ya miche iliyopandwa haielezi chochote. Chagua vituo vya kudumu, viwili au vitatu kwa kila hekta, pigilia nguzo katikati, funga kamba ya mita 5.64 na zunguka nayo: hilo ni duara la mita za mraba 100. Hesabu mche kwa mche, kwa aina, mwishoni mwa kiangazi cha kwanza, cha pili na cha tano. Piga picha kila mara ukiwa umesimama palepale.

Usikimbilie kuandika "imekufa". Mninga mchanga, kwa mfano, hukauka sehemu ya juu kila kiangazi kwa miaka kadhaa huku mzizi ukinenepa chini, na huchipua mvua zikija. Kwaruza shina kwa kucha, chimba kidogo uone shingo ya mzizi, na rudi baada ya mvua kabla ya kufuta.

Vifo vikiwa vimekusanyika sehemu moja, rudi hatua ya 2 na ya 4 kwa sehemu hiyo: pima tena pH, sukuma tena nondo. Vikiwa vya aina moja kila mahali, badilisha aina. Vikiwa vimetawanyika bila mpangilio, jaza mapengo msimu unaofuata.

Kuanzia mwaka wa tatu, ndani ya maduara yale yale, hesabu pia miche ambayo hukuipanda. Ikianza kuonekana miche ya aina za asili iliyoletwa na ndege na upepo, acha kupanda katika sehemu hiyo. Baadaye miti ya zamu ya kwanza ikianza kuzibana ile ya zamu ya pili, ipunguze kidogokidogo, na magogo na matawi yake yalale humohumo yaoze. Pale pasipo na mche hata mmoja uliojiotea, mara nyingi shina la tatizo ni udongo ambao bado ni mgumu au uchi. Ongeza majani, weka matawi ya kutulia ndege, na uhamishie miche yako yote ya msimu huo kwenye mabonde yanayoshika maji.